Mkoba Uliobaki na Nafasi

Hadithi hii nilipewa na wifi yangu mkubwa, Bi Zuhura Mkanga, mwaka ule vuli ilipopitiliza mpaka mbaazi zikachipua zikiwa bado ndani ya maganda. Tulikuwa jikoni kwake, yeye anachambua dagaa, mimi napepea moto usiotaka kushika. Yeye alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na nani sijui, maana nilipouliza alinikata jicho, akasema, "Wifi, unataka hadithi au unataka ukoo?" Nikarudi kwenye moto. Basi naiandika kama alivyonipa, na pale alipotua yeye ndipo nami nitakapotua.

Alikuwako mama mjane, Bi Mwatumu, mwenye binti mmoja tu, jina lake Tausi. Tausi aliolewa mbali, nchi ya Majohoni. Mkwe hakuwa na neno, na ndoa ilikuwa ya heri, ila Majohoni si pa kwenda na kurudi, na mgeni haruhusiwi kuingia ila na mkoba mmoja wa mkononi. Ndiyo sheria yao, na wanaijua watu wote.

Siku moja akapita mchuuzi wa vitambaa, akasimama mlangoni.

"Bi Mwatumu, nimetoka kwa mwanao. Amejifungua mtoto wa kike."

"Mashallah!"

"Lakini mtoto halali."

"Mtoto gani mchanga analala, baba?"

"Huyu si hivyo, mama. Anasinzia anashtuka, anasinzia anashtuka. Ziwa halishiki kwa kulia. Mikono imekuwa kama vijiti vya mishikaki. Wakunga wa kule wanasema watoto wa Majohoni ndivyo walivyo, watakaopona watapona. Tausi kaniambia: mwambie mama aje, mimi hata kulia nimechoka."

Bi Mwatumu hakuuliza la pili. Aliingia ndani akashusha mkoba wake kutoka kwenye msumari.

Sasa, kufunga mkoba si kazi. Kazi ni majirani. Kabla hajakunja hata gauni, Mama Chausiku alikuwa ukumbini na kopo la samli.

"Kidogo tu shoga, mpelekee mzazi."

Nyuma yake Bi Kauthari na mchi wa kutwangia, mzito kama mguu wa ng'ombe. Nyuma yake mwingine na kuku, hai, anatukana. Kila mmoja kidogo tu. Ukivikusanya vile vidogo tu, vingehitaji punda wawili na mtu wa kuwabembeleza.

Bi Mwatumu hakumfukuza mtu. Alikuwa mwanamke wa subira, wa kumpa kila mtu kiti. "Mama Chausiku," akasema, "hiyo samli ningemfanyia nini mtoto?"

"Ah! Unampaka mgongoni kwa kidole cha kati, unashuka naye taratibu, unarudi juu, unashuka, mpaka aone raha mwenyewe."

"Basi nionyeshe mkono. Samli nitaipata huko huko."

Mama Chausiku akamwonyesha juu ya mkono wake, mara ya kwanza na mara ya pili, mpaka Bi Mwatumu akaushika. Kwa Bi Kauthari akaacha mchi, akachukua wimbo ambao mama huyo aliwabembelezea wanawe wote na hata mbwa mmoja. Mwenye kuku akatoa salamu ndefu, na kuku akarudi kwake. Hivyo wakaenda wote, wakiwa wametoa na hawakupunguza kitu.

Ndani ya mkoba akatia gauni moja la kubadili, doti ya kanga, mswaki, kitana, na mbeleko ya zamani iliyombeba Tausi, imepauka, laini kama sikio la mbuzi. Akafunga. Mama Chausiku, aliyekuwa amerudi, anazungukazunguka mlangoni, akauminya mkoba kwa kidole.

"Mbona nafasi imebaki?"

"Iache. Huko watanipa kitu, nitakitia wapi?"

Za njiani hazina hadithi. Alichoka kama wachokavyo wasafiri, akafika.

Lango la Majohoni ni refu, na mbele yake limewekwa kasha la mbao, wazi juu. Mkoba wako unatiwa humo. Ukiingia, unapita. Usipoingia, unarudi kwenu. Hapo Bi Mwatumu akawaona wenyeji kwa mara ya kwanza, wakirudi kutoka sokoni upande wa pili, akadhani ni magodoro yanatembea. Kila mtu alivaa koti juu ya koti. Mikono ilitokeza pembeni kama ya mtoto aliyevishwa nguo za baba yake. Mwanamke mmoja alivaa sufuria tatu kichwani, moja ndani ya nyingine, na akaitwa mwenye kofia nzuri. Bwana mmoja alijizungushia mkeka kiunoni. Mwingine alijifunga mlango wa kabati mgongoni, na alipoulizwa ni nini hicho, akajibu bila kucheka, "Koti la mbao."

Wakikutana hawaulizani hali. Mmoja husema, "Umevaa?" Mwenzake hujibu, "Nimevaa, na mengine yako njiani." Kisha kila mmoja hupita zake, maana kushikana mikono ni shida.

Asili ya mambo haya, Bi Mwatumu alielezwa pale foleni na mtu mwenye makoti ya wastani. Zamani watu wa Majohoni walikuwa wakijitwika mizigo mpaka migongo ikapinda, wengine wakafia mlimani. Malkia wao, mwenye huruma, akatengeneza lile kasha, akatangaza: kuanzia leo kila mtu mkoba mmoja, usiozidi hapa. Watu walilia kwa furaha. Kesho yake wakaja na mkoba mmoja mmoja kama walivyoagizwa, na magauni mawili mawili mwilini. Malkia akafa, sheria ikabaki, na makoti yakaendelea kuongezeka.

Zamu yake ikafika. Bi Mwatumu akautia mkoba ndani ya kasha. Mkoba uliingia, ukalala upande mmoja. Mlinzi alipolitikisa kasha, mkoba ulicheza.

Pale langoni watu wote wakageuka. Hawakuwahi kuisikia sauti ile, ya mkoba kugonga ubao huku na huku kwa kuwa una nafasi. Kisha foleni nzima ikaanza kupiga kelele.

"Mama! Nishikie kijiko changu humo!"

"Mama mgeni, soksi tu, soksi hazina uzito!"

"Mimi nilimwona kwanza!"

Mlinzi akawanyamazisha, akamwita mkuu. Na mkuu akaliita Baraza.

Baraza la Mwili na Mzigo hukutana papo hapo langoni, na hukutana kwa kusimama, kwa sababu hakuna mjumbe anayeweza kuketi. Kila mmoja ana egemeo lake, yaani nguzo yenye panda mbili, anapitisha makwapa hapo na kuning'inia. Ndivyo wanavyofanya kazi, na ndivyo wanavyolala pia, nchi nzima. Kitanda hawana hata jina lake.

Mkuu wa Lango alikuwa Bwana Kisibao, mzee wa sauti ya chini, macho mekundu. Alikuwa amevaa makoti ya wakuu wote waliomtangulia, maana kila mkuu akifa makoti yake huhamia mwili wa anayefuata, naye huongeza yake. Mkono wake wa kulia alikuwa anauona mara chache. Mwenye kushtaki alikuwa Bi Marinda, mwanamke wa ulimi mkali, ambaye akigeuka hugeuka yeye kwanza, gauni likamfuata baadaye.

"Mkoba huu haukuenea kasha," Bi Marinda akaanza.

"Sheria inasema usizidi," Bwana Kisibao akasema. "Haisemi uenee."

"Na tangu lini akaja hapa mtu asiyezidi? Nyie wajumbe, mmewahi kumwona? Kila mtu ana vyake. Huyu vyake havionekani mkobani, mwilini ana gauni moja ambalo hata upepo unalipita. Basi ameficha."

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Hoja ilikuwa na mantiki.

Bwana Kisibao akamgeukia mgeni. "Mama, vitu vyako viko wapi?"

"Viko nyumbani, baba."

"Na ukivihitaji hapa?"

"Nitaazima."

Mjumbe mmoja aliteleza kutoka kwenye egemeo lake, ikabidi asaidiwe.

"Kuazima?" akasema Bi Marinda. "Mtu mzima na mvi zako?"

"Kwetu ndivyo, mwanangu. Hivi nnavyosema na wewe mwiko wangu uko kwa jirani, na kinu chake kiko kwangu. Sote tunakula."

Ukaanza mjadala mrefu ambao Bi Zuhura hakunisimulia wote, maana dagaa zake zingeungua. Walijadili nafasi ile iliyobaki mkobani ni mali ya nani. Walijadili kama mtu aliyevaa gauni moja ni mtu mzima au ni sehemu ya mtu. Katikati wakaisimamisha kesi ili waamue ya yule bwana wa mlango wa kabati, aliyekuwa na haraka. Hiyo waliimaliza upesi. Bwana Kisibao akatoa hukumu kwa kauli ya sheria, na wote wakaitikia kwa pamoja: "Kilichoshikana na ngozi ni mwili. Kilichoshikana na kilichoshikana na ngozi, nacho ni mwili, na kuendelea. Kilichovuliwa ni mzigo." Mlango wa kabati ulishikana na koti, koti likashikana na koti, mpaka ngozi. Ukapita, na bawaba zake.

Bi Mwatumu akauliza, "Na anayevua je?"

"Amekuwa na mzigo wa pili," Bi Marinda akajibu. "Hutolewa langoni siku hiyo hiyo. Watoto wake hubaki. Watoto ni wa nchi."

Mwishowe wakakata shauri: mgeni aingie, Bwana Kisibao afuatane naye mguu kwa mguu mpaka vionekane vile alivyovificha.

Wakaenda, Bi Mwatumu mbele na mkoba wake kwapani, mkuu nyuma, anahema.

Kilio cha mtoto alikisikia kabla hajaiona nyumba. Kilio chembamba, cha mtu aliyekwisha kukata tamaa lakini hajui kazi nyingine. Akapiga hodi, mlango ukafunguliwa, akaliona fungu la makoti na juu yake macho mawili. Macho aliyajua.

"Mama," Tausi akasema.

Walitaka kukumbatiana. Mikono ya Tausi haikukunjika, na ya mama yake ilifika nusu tu. Ikabidi mama ambusu kwenye paji la uso, sehemu pekee iliyokuwa wazi. Mtoto alikuwa amefungwa kwa kamba kifuani, juu ya koti la nje kabisa, zawadi ya harusi ya wakwe, shavu lake kwenye kifungo cha shaba. Kutoka pale mpaka kwenye moyo wa mama yake palikuwa na safari.

"Ananyonyaje huyu?"

"Kuna tundu, mama. Tunapitisha." Tausi akaangalia chini. "Hafiki vizuri."

"Mwanangu, vua."

"Mama! Usilitamke hilo neno mbele ya mkuu!"

Bwana Kisibao akakohoa, akautazama ukuta.

Bi Mwatumu akamfungua mtoto, akamweka kwenye kifua chake chenye gauni moja. Mtoto alinyamaza kidogo, akashangaa, akaanza kutafuta kwa mdomo. Halafu akalia upya, na safari hii kwa hasira. Bibi anaweza kumnyamazisha mjukuu, lakini kumnyonyesha hawezi. Na bibi ana kwao, atarudi. Hilo alilijua.

"Baba," akamwambia Bwana Kisibao, "una wajukuu?"

"Ninao."

"Umewahi kuwasikia wakipumua?"

Mzee akafikiri. "Nimewasikia wakilia."

Bi Mwatumu akamgeukia binti yake. "Mimi sisemi uvue. Nasema ulale."

"Kulala ni pale kwenye egemeo, mama."

"Si hivyo. Kama ulivyokuwa ukilala kwangu. Umesahau?"

Tausi hakusahau. Machozi yakamlengalenga. Mama yake akamfungua vifungo vya mbele, koti baada ya koti, akamshika mabega, akamshusha chini polepole kama mtu anavyoshusha mtungi uliojaa. Makoti yalifunguka pande zote kama majani ya kabichi, na yeye katikati, mgongo umelala juu yao, mikono ikateleza kutoka kwenye mikono ya makoti yenyewe. Alibaki na kanga yake ya ndani. Mtoto akawekwa juu ya kifua, ngozi kwa ngozi, mbeleko ikawafunika.

"Simama!" Bwana Kisibao akasema, lakini alisema kwa sauti ndogo.

Mtoto alihangaika, akapata ziwa, akashika. Nyumba ikanyamaza.

Ukimya ule ndio uliomleta Bi Marinda. Majirani walikwenda mbio kumpa habari: kilio kimekatika nyumba ya Tausi, sijui wamefanya nini. Akaingia bila hodi, gauni likaingia baada yake.

"Amevua! Nilisema mimi! Tausi, inuka, lango linakungoja!"

Tausi akamkumbatia mtoto, akamtazama mama yake. Bi Mwatumu akamtazama mkuu. Alilokuja nalo lote alikwisha kulitoa.

Bwana Kisibao, kwa taabu kubwa, akashika ukuta, akapiga goti moja, likafuata la pili, makoti ya wakuu wote yakilalamika kwenye mishono. Akanyoosha kidole.

"Bi Marinda, hili koti limeshikana na ngozi yake au halikushikana?"

"Limeshikana, lakini kwa chini!"

"Na la pili limeshikana na hili?"

"Kwa chini!"

"Na la tatu na la pili, mpaka sakafuni. Sheria inasema kwa juu?"

Bi Marinda akayakagua makoti. "Haisemi," akakiri.

"Leo asubuhi mimi na wewe tumempitisha mtu na mlango wa kabati. Huyu amelalia makoti yake mwenyewe. Hajavua. Hukumu yangu ni hiyo, na atakayeipinga aanze na ule mlango."

Bi Marinda alizunguka chumba, gauni likazunguka nyuma yake. "Jambo la namna hii haliamuliwi kwa macho," akasema hatimaye. "Lazima lichunguzwe. Nitachunguza mimi."

"Chunguza."

"Kwa ajili ya Baraza tu."

"Kwa ajili ya Baraza."

Bi Mwatumu akamsaidia na vifungo. Bi Marinda akashushwa, marinda yakatandazika, mgongo ukagusa chini. Akakaza macho darini.

"Ee," akasema. "Kumbe mgongo nao una pa kuweka?" Akajinyoosha. "Uchunguzi unaendelea," akasema tena, na baada ya hapo alikoroma.

Ilikuwa alasiri, jua limeegemea dirishani. Mtoto alikuwa ameshiba lakini macho bado makavu, hajui njia ya kuingia usingizini. Bi Mwatumu akaukumbuka mkono wa Mama Chausiku.

"Tausi, una samli?"

"Ya kushikika sina, mama. Iliyopo iko mkobani mwangu, chini kabisa, huwezi kufika."

Bwana Kisibao akaanza kujipekua. Alipekua mfuko wa koti lake, akapekua mfuko wa mkuu aliyemtangulia, akapekua wa mkuu wa kabla ya huyo. Akatoa kikopo kidogo ambacho hakuna ajuaye kilibebwa tangu lini na kwa kazi gani. Akakifungua, akanusa. Ilikuwa samli, na bado nzuri.

"Chukua," akasema. Halafu akajirekebisha. "Azima." Alilitamka neno lile taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi wa nyumba ya watu.

Kidole cha kati kikashuka mgongoni mwa mtoto, kikarudi juu, kikashuka. Bi Mwatumu akatoa na wimbo wa Bi Kauthari, kwa sauti ya puani:

*Lala mwanangu lala, huna cha kubeba,*
*mikono yako mitupu, ni ya kupokea.*

Akazifikisha na salamu zote, za Mama Chausiku, za Bi Kauthari, za mwenye kuku na za kuku mwenyewe, na Tausi akacheka kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, cheko dogo, asimwamshe mtoto. Kwa maana mtoto alikuwa amelala. Ngumi zilikuwa zimefunguka, na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka juu ya kifua cha mama yake.

"Mama," Tausi akanong'ona, "nafasi ya mkobani utatia nini?"

"Hata sijui. Lala kwanza."

Tausi akalala. Bi Mwatumu akautia mkoba wake chini ya kichwa. Mkoba uliojaa hauwezi kulaliwa, unakuumiza sikio. Huu ulibonyea pale penye nafasi, ukampokea. Alikuwa anataka tu kupumzisha macho, awe macho kwa ajili ya mtoto. Usingizi ukampitia.

Akabaki Bwana Kisibao peke yake amepiga magoti. Nje, watu walikuwa wanachungulia dirishani, na kwa mara ya kwanza walisukumana bila kugombana. Mmoja akauliza kwa ishara: vipi? Bwana Kisibao akaweka kidole mdomoni. Wakaelewa, wakaondoka kwa ncha za vidole mmoja mmoja, wengine wakishika vifungo vyao njiani.

Alikuwa ametumwa kutafuta vitu vilivyofichwa. Alikitazama chumba. Akajitazama na yeye. Akaanza na koti la juu, la mkuu wa kale kuliko wote, akalifungua. Akafungua la pili, ambalo kifungo chake kilikuwa kimeota kutu. Kila alipofungua alikuwa akimwaga hewa ya zamani, mpaka akafika kwenye shati lake mwenyewe, alilokuwa amelisahau rangi. Lilikuwa la bluu.

Akaegemea nyuma kidogo kidogo, mkono mmoja sakafuni, kama mtu anayeingia maji ya baridi. Makoti yakampokea. Akanyoosha mguu mmoja, kisha wa pili. Akasikiliza: mtoto wa Tausi alikuwa anapumua, puu, puu, kama kitu kinachopepea moto mdogo. Akafikiri, kesho nitawaambia wanangu wawalete wajukuu. Akataka kufikiri na jambo la pili, la lile kasha pale langoni, lakini halikumngoja. Bwana Kisibao, Mkuu wa Lango la Majohoni, akalala.